Tumsomeshe Mtoto Kazi Gani?

Siku matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, hapa kwetu Swima hakuna anayelima wala anayetengeneza nyavu. Vijana waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, mpaka nyusi zao hufanana na za babu zao. Mama zao hupiga vigelegele kutoka barabarani hadi ufukoni, na hata mzee asiyejua kusoma huomba aonyeshwe jina la mjukuu wake katika simu. Ni furaha ya haki. Lakini kesho yake poda imekwisha kuoshwa ziwani, na katika nyumba ya kila mmoja wao baba na mama hukaa wakiulizana kwa sauti ndogo: Sasa tumpeleke wapi? Asomee nini? Na fedha itoke wapi?

Sisi tumeulizana hayo mara mbili. Mara ya kwanza tulijibu upesi, na jibu letu lilikuwa baya. Tumeona heri tuwasimulie, ingawa kusema kweli aibu ya jambo hilo haijatutoka yote.

Wengi wenu mwaijua Swima kwa kupita tu. Atokaye Uvira kwenda Baraka huiona kwa dirisha la gari: kushoto ziwa Tanganyika, kuume milima, na kati yake nyumba, mihogo na michikichi. Sisi twaishi kwa ziwa na kwa shamba. Mmoja wetu huvua ndagala usiku kwa taa, mwingine hukamua mawese, na wasomaji mtajua wenyewe nani ni nani. Zamani tulikuwa pia na mashine ya mtumbwi, yaani injini ile ya kufunga nyuma, tuliyoinunua baada ya miaka saba ya kujinyima. Sasa hatunayo. Kwa nini hatunayo, hiyo ndiyo habari yetu.

Mwaka 2011, mwezi wa pili, mahakama ya kijeshi ya kutembea ilikuja kukaa Baraka, ili kuhukumu makosa mazito waliyotendewa wanawake wa Fizi siku ya Mwaka Mpya. Luteni kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Watu wa kwetu hawakuwa wamezoea kuona afisa mkubwa akisimama mbele ya wanawake wa vijijini na kungoja hukumu yake. Mmoja wetu alikuwa Baraka siku hizo kwa kuuza samaki, akawaona mawakili katika majoho yao meusi, jinsi walivyosimama, jinsi watu wote walivyonyamaza waliposema. Alirudi nyumbani na neno moja: Kijana wetu atakuwa wakili.

Kijana mwenyewe hakuulizwa. Wakati huo alikuwa anakaribia kumaliza sekondari, na kila mtu ufukoni alijua anachokipenda. Mashine yo yote iliyokataa kuwaka, aliletewa yeye. Aliifungua juu ya gunia, akazipanga sehemu zake kwa taratibu kama padri apangavyo vyombo vya altare, akaipuliza, akaisafisha, ikawaka. Siku moja alitwambia, “Baba, Mama, mimi napenda kujifunza ufundi wa mashine.” Tulimjibu kwamba fundi wa mashine hana shati safi hata Jumapili. Tulicheka, naye akacheka kidogo, kisha hakusema tena. Mtoto mwema wa kwetu hawabishii wazazi wake, na sisi tulikihesabu kimya chake kuwa ndiyo.

Tusijilaumu kupita kiasi, lakini yafaa kuuliza: wazo hili tulilipata wapi, kwamba jina la shahada lapita kazi yenyewe? Tuliachiwa na baba zetu. Nao walikuwa na sababu. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza cha nchi, kilifunguliwa mwaka 1954. Thomas Kanza, mlei wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, aliipata Louvain, Ubelgiji, mwaka 1956. Basi nchi ilipojitawala tarehe 30 Juni 1960, wenye shahada walikuwa wachache mno, na wiki chache baadaye Wabelgiji wengi walikwisha kuondoka. Ofisi zilibaki na viti vitupu. Karani alilala karani, akaamka mkubwa wa ofisi. Miaka ile kijana mwenye cheti hakutafuta kazi. Kazi ilimtafuta yeye. Baba zetu waliyaona haya kwa macho yao, wakatufundisha kwamba shule ni mlango, ukishaupita umefika. Kisha miaka ya sabini uchumi ukaanguka, mishahara ikawa karatasi tu, viti vikajaa, lakini lile fundisho la 1960 likabaki nyumbani mwetu kama kalenda ya zamani ambayo hakuna aliyeiondoa ukutani.

Basi mwaka 2012 tulimpeleka Bukavu kusomea sheria. Wakati ule ilikuwa miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. (Wazazi wa leo waangalie: tangu mwaka wa masomo 2021-2022 utaratibu umebadilika, na shahada ya miaka mitatu ya kwanza ndiyo huitwa licence. Jina ni lile lile, miaka si ile ile.) Masomo ya miaka mitano yalikula sita, kwa sababu waalimu waligoma, nao wana haki ya kula. Mwaka 2014 tuliuza mashine ya mtumbwi ili kulipa minerivali na chumba. Tangu hapo twapiga kasia. Ukiwa na kasia huwezi kuwafuata ndagala mbali. Wawavua waliokuja wenyewe.

Mwaka 2018 akapata licence yake. Tulichinja mbuzi. Tulipiga picha, naye katika joho la kukodi, na picha hiyo ipo ukutani mpaka leo. Majirani wakaanza kumwita Maître, na sisi tukaanza kuitwa Baba Maître na Mama Maître, na hatukukataa hata kidogo.

Kumbe mwenye licence ya sheria si wakili bado. Hilo hatukulijua. Yampasa akubaliwe katika chama cha mawakili na kulipa ada zake, ale kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa, kisha awe stajieri miaka miwili chini ya wakili mzee. Katika miaka hiyo anayemlisha ni wazazi wake. Hata akimaliza, ni lazima apate watu wenye fedha ya kumlipa, na watu wenye fedha hukaa mjini, nao wana mawakili wao tayari. Kijana wetu alivumilia mwaka mmoja na nusu. Alibeba mafaili, alilala chumba kimoja na wenzake watatu, alitwandikia kwamba yote ni mema. Mwaka 2020 alirudi Swima na mfuko mmoja.

Alipata kufundisha katika shule ya sekondari. Hapo tukajifunza jambo la pili tusilolijua. Mwalimu mpya asiyeandikwa bado katika orodha ya mishahara ya Serikali huitwa N.U., yaani Nouvelle Unité. Wapo walioitwa wapya miaka kumi, na mvi zimeota. Mwaka 2019 Serikali ilitangaza kwamba shule ya msingi ni bure, na wazazi wengi walishukuru, nasi tulishukuru. Lakini sekondari mwalimu wa N.U. hungoja kile wazazi watakachotoa, na wazazi hao ni sisi, wavuvi wa kasia. Siku moja alirudi na mshahara wa mwezi: kuku mmoja na deni la wawili.

Siku za Jumamosi alianza tena kutengeneza mashine za watu. Mwanzoni alizitengeneza nyuma ya nyumba, ili wapitao barabarani wasimwone Maître ana mikono yenye mafuta. Hilo ndilo lililotuumiza kuliko fedha yote iliyopotea. Hakujificha kwa ajili yake. Alijificha kwa ajili yetu.

Hatusemi kwamba sheria ni masomo mabaya. Fizi yahitaji mawakili, na walio mbele ya mahakama ile ya Baraka walifanya kazi kubwa. Twasema tu kwamba tulinunua kitu bila kuuliza bei yake. Mwanamke wa sokoni akitaka fungu la ndagala huuliza bei mara tatu, hugeuza samaki, hunusa, huondoka, hurudi. Sisi kwa masomo ya miaka sita hatukumwuliza hata wakili mmoja: Bwana, mwaka wako wa kwanza ulikula nini? Tuliona haya. Kwetu kumwuliza mtu kazi yake inampa kiasi gani ni utovu wa adabu. Lakini haya ile ilitugharimu mashine.

Sasa mara ya pili. Binti yetu alifanya mtihani wa Serikali mwaka 2024. Yeye alikuwa ameanza kuchagua mapema, bila sisi. Mwajua kwamba ile miaka miwili ya kwanza ya sekondari wakubwa wa shule waliiita ya kuelekeza watoto, yaani mwisho wake mtoto achague njia: ualimu, biashara, sayansi, ufundi. Kwa kweli vijijini anayechagua ni ukaribu. Shule iliyo karibu ikiwa ya ualimu, basi kijiji kizima huzaa waalimu, na ndipo N.U. hujaa. Binti yetu alikataa iliyo karibu. Alitaka biolojia na kemia, akatembea kwenda shule ya kijiji cha pili miaka minne, asubuhi na jioni, mvua na jua. Tulipomwuliza kwa nini, alisema, “Mama, nataka kuwa mkunga.” Tulinyamaza. Tulikuwa tumekwisha kucheka mara moja katika maisha yetu.

Jirani mmoja mwenye mapenzi mema alitushauri tuuze michikichi yetu mara moja, tupate minerivali ya miaka yote, yaishe. Mnunuzi alikuwepo, na fedha yake aliionyesha. Usiku huo hatukulala vizuri. Mashine ikiuzwa, mikono yabaki na kasia. Michikichi ikiuzwa, yabaki nini? Asubuhi tukaafikiana kufanya lile tusilolifanya mwanzoni. Tulikwenda kumwuliza mwenye kazi.

Kuna mama mmoja mkunga katika kituo cha afya kando ya barabara. Hatutamtaja. Tulimpelekea dumu dogo la mawese, tukakaa chini ya mwembe, binti akiwa katikati yetu. Tukamwambia, “Mama, utusamehe, tumekuja kukuuliza maneno yasiyoulizwa.” Alicheka, akasema, “Ulizeni, Baba. Hakuna aliyewahi kuniuliza.”

Alitueleza bila kuficha. Alisema muuguzi wa A2 ametoka shule ya utabibu ya sekondari, na wa A1 amesoma miaka mitatu juu yake katika chuo, na kwamba mgonjwa hajui tofauti mpaka siku mambo yanapoharibika usiku. Alisema yeye mwenyewe hajaandikwa bado katika orodha ya mishahara. Hugawana na wenzake sehemu ya kile wagonjwa wanacholipa, na mwezi wa wagonjwa maskini ni mwezi wa kugawana kidogo. “Nakula kwa mihogo yangu,” alisema. “Ukunga hunipa chumvi na sabuni.” Akamgeukia binti: “Na wewe, mwanangu, wauona usiku? Watoto hupenda kuzaliwa usiku. Mama akitoka damu, gari ya kumpeleka hospitali ya Nundu hutafutwa, na wakati wa mvua barabara hukatika. Utakaa naye wewe.” Binti akauliza kama aweza kuja kumsaidia wakati anangoja matokeo. Mkunga akamtazama viatu vyake, akasema, “Njoo kesho. Uje na ndala za zamani.”

Basi wiki sita binti yetu alichota maji, alifua mashuka, alichemsha vyombo, alipanga kadi. Mara ya kwanza alipoona mama anazaa, alirudi nyumbani mchana, akalala bila kula, tukadhani amekwisha. Jioni aliamka, akafua nguo yake, akarudi. Wiki ya nne mtoto mmoja alizaliwa bila kulia, na hawakuweza kumwamsha. Siku hiyo alikaa ukingoni mwa ziwa mpaka giza. Hatukumwuliza neno. Kesho yake alikwenda tena, nasi tukajua kwamba jibu tumelipata, na hatukulitoa sisi.

Usiku mmoja wa siku zile tulimsimulia habari ya Daktari Denis Mukwege, ambaye jina lake lilijaa redioni mwaka 2018 alipopewa tuzo ya Nobel ya Amani. Wengi humjua kwa hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyoianzisha mwaka 1999. Si wengi wakumbukao jinsi alivyochagua. Alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake, mchungaji, kwenda kuombea wagonjwa, akaona kwamba baba yake huomba lakini hana dawa ya kumpa mtoto. Akasomea udaktari Bujumbura, akamaliza mwaka 1983, na nia yake ilikuwa kutibu watoto. Lakini alipofika hospitali ya Lemera, huko juu milimani katika wilaya ya Uvira, aliwaona wanawake wakiletwa kutoka mbali, wamechanika kwa kuzaa, na wengine wakifa njiani. Ndipo alipogeuza nia, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza uganga wa wanawake, akarudi Lemera. Twaona jambo hili kubwa: kazi yake ya maisha hakuichagua katika orodha ya chuo. Aliichagua kitandani kwa mgonjwa, baada ya kupata shahada ya kwanza, wala hakuona haya kubadili.

Na wazee wa pwani ya pili ya ziwa hawajamsahau Adriano Atiman, aliyetekwa mtumwa akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hapo mpaka alipokufa mwaka 1956. Miaka 67 mahali pamoja! Waliomsomesha walijua kwanza mahali penye ugonjwa na pasipo daktari, shahada ilifuata.

Michikichi hatukuiuza. Tulinunua daftari, tukapiga hesabu pamoja, wazazi, kaka na binti. Mawese ya kila mwezi, tukiondoa ya kula, yalilipa chumba na chakula. Minerivali ililipwa kwa mafungu, na hapo kaka yake alisema neno ambalo hatukulitazamia: “Ninyi acheni. Hilo ni langu.” Alilitoa katika kutengeneza mashine. Tangu siku hiyo amehamisha gunia lake, sasa afungua mashine mbele ya nyumba, kando ya barabara, chini ya kibao alichokiandika mwenyewe. Mtu akimletea karatasi ya shamba au barua ya deni, hunawa mikono na kumsomea, kwa maana sheria nayo anaijua. Watu bado humwita Maître. Wengine wadhani ni jina la mafundi.

Binti aliingia chuo Bukavu mwishoni mwa mwaka 2024. Katika daftari letu tulikuwa tumeandika miaka mitatu, na katika ukurasa wa mwisho mstari mmoja wa mambo yasiyotazamiwa: ugonjwa, mgomo, vita. Mwezi wa Februari 2025 vita iliingia Bukavu. Siku tano hatukupata habari yake. Siku ya sita alishuka katika gari la mizigo hapa Swima, amebeba kitambaa cheupe cha kazi kimefungwa katika kanga, na vitabu hana.

Aliomba siku mbili za kulala. Siku ya tatu tulimwona akitafuta ndala zake za zamani, akaenda kituoni kumsalimu mama mkunga, akakaa huko mpaka jioni. Juma lile lile, usiku wa manane, watu walibisha mlangoni na taa. Tuliamka sote, maana siku zile kila mlio wa mlango ulitushtua. Alitutangulia kufika, akafungua, nasi tukamsikia akiuliza gizani: “Uchungu umeanza saa ngapi?”